Tumbo Limetulia, Karatasi Inasema Linawaka

BARUA

Mama, shikamoo.

Nina miaka 29, na huu ni mwaka wa pili tangu niolewe. Nakuandikia usiku mume wangu akiwa amelala, kwa sababu jambo lenyewe mchana silisemi.

Miaka mitatu iliyopita niligundulika na ugonjwa wa Crohn, ule unaouvimbisha utumbo na hauishi. Kabla ya hapo nilizunguka mwaka mzima na tumbo: mara naambiwa amiba, mara vidonda vya tumbo, mara mawazo. Nilikonda mpaka sketi nikawa nafunga kwa pini. Mwishowe daktari mmoja wa tumbo akanipima choo, akakuta kitu wanachokiita kalprotektini kimefika 1,150. Akanipeleka kwenye kolonoskopi, kile kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ugonjwa ukaonekana mwishoni mwa utumbo mwembamba. Nikaanzishiwa dawa, baadaye nikabaki na azathioprini, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, kila siku. Kalprotektini ikashuka hadi 70, na kwa miaka miwili haikuwahi kuvuka 100. Nikanenepa. Nikaolewa. Nikasahau kama niliwahi kuumwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kama kawaida, nikapeleka kichupa cha choo, majibu yakarudi 640. Mama, nilidhani wamechanganya vichupa. Tumbo haliumi, siharishi, sioni damu, uzito haujapungua hata kilo moja. Daktari wangu akasema anataka MRI ya utumbo, kisha kolonoskopi, ndani ya mwezi mmoja.

Hapo kwenye kolonoskopi ndipo ninapokwama. Ile ya kwanza, dawa ya kusafisha tumbo nilikesha nayo chooni na nusu yake nikaitapika. Dawa ya usingizi ikaisha katikati. Nikazinduka nasikia watu wanazungumza mambo yao juu ya kichwa changu, mimi nimelala ubavu, nimefunuliwa. Nilitaka kusema nikashindwa. Sijawahi kumweleza mtu. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa za kusafishia hospitali, jasho linanitoka mgongoni.

Nikaenda kwa daktari mwingine kuomba ushauri wa pili. Huyo nilimwambia kwamba kabla ya kipimo nilikuwa nimemeza ibuprofeni kama wiki mbili hivi kwa sababu ya mgongo. Akasema dawa hizo zenyewe zinaweza kupandisha namba, kwa hiyo tufanye ultrasaundi ya utumbo, turudie choo baada ya muda, tusikimbilie kamera. Sasa nina madaktari wawili wenye maneno mawili. Mume wangu naye ana la kwake: "Unakula, unalala, unacheka. Mwili haudanganyi. Karatasi inajua nini?"

Halafu kuna hili. Azathioprini niliiacha miezi mitano iliyopita. Tunatafuta mtoto, na sikutaka aumbwe katikati ya madawa. Vidonge naendelea kuvichukua kila mwezi, naviweka kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Mume wangu anajua nimeacha, ila anadhani daktari ameruhusu. Madaktari hawajui.

Ninachokuuliza ni hiki: niamini mwili wangu au karatasi? Na nikirudia kipimo cha choo mwenyewe, kimya kimya, maabara nyingine, nikapata namba nzuri, si yaishe? Naogopa wakiona kitu wataniandikia zile dawa kali za sindano za Crohn na kuniambia habari ya mtoto isubiri.

Nisaidie, mama. Jina langu usilitaje.

Mwenye boksi la viatu


JIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako sitalitaja, na hata hilo ulilojipa nimelipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba wewe mwenyewe unajua barua hii inahusu nini. Kolonoskopi umeiandikia aya nzima. Lile boksi umelipitia haraka karibu na mwisho, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Nikuambie kwanza mimi ni nani, usije ukanisikiliza kwa cheo nisichokuwa nacho. Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi, na miaka mingi niliifanya katika chumba kilekile unachokiogopa. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu vipimo yachukue uende nayo kwa daktari, ukamuulize. Ninayoyasema kuhusu hofu, hayo nayajua kwa macho yangu.

Nikikuelewa, una tumbo lililotulia, namba iliyopanda, madaktari wanaotofautiana, hamu ya mtoto, kumbukumbu mbaya ya kipimo, na siri. Unaniuliza niamue kati ya mwili na karatasi. Kabla ya kwenda huko, tuitazame hiyo karatasi imeandika nini hasa.

Kalprotektini ni protini inayokaa ndani ya nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika mahali penye shida. Zimejaa protini hiyo; kama nusu ya protini iliyo katika majimaji ya ndani ya seli ni hiyo. Ilielezwa kwanza Norwei mwaka 1980, ikitolewa kwenye seli za damu, na ikaja kupimwa kwenye choo miaka ya tisini. Ukuta wa utumbo ukipata mchochota, yaani ukivimba na kuwaka, nyutrofili hupenya kwenye ukuta huo na kuingia njia ya chakula, zikatoka na choo. Bakteria wa utumboni hawaivunji protini hiyo kwa urahisi, ndiyo maana kichupa chako kinaweza kukaa siku kadhaa na bado kikasomeka.

Kwa hiyo 640 maana yake ni kwamba nyutrofili zimekusanyika mahali fulani tumboni mwako. Zimekusanyika kwa ajili ya nini, karatasi haisemi. Panapofuka moshi pana moto, sawa, lakini moshi haukuambii ni jiko la nani linalowaka. Crohn huipandisha. Maambukizi ya utumbo huipandisha. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao huipandisha, na hata vidonge vya kupunguza asidi kama omeprazoli vinaweza kuisogeza juu. Chini ya mikrogramu 50 kwa kila gramu ya choo, maabara nyingi huita kawaida. Kati ya 50 na 250 ni eneo la ukungu. Juu ya 250, kwa mtu ambaye tayari anajulikana ana Crohn, madaktari wengi huacha kusubiri na kuanza kutafuta. Yako iko mbali juu ya mstari huo.

Ndiyo, ibuprofeni inaweza kuwa imechangia, daktari wako wa pili hakukosea. Tena ni dawa ambayo mwenye Crohn huwa anaambiwa aikwepe, kwa hiyo huo mgongo nao utafutiwe njia nyingine. Ila jiulize kidogo: kama ungepewa fumbo hili kuhusu mtu mwingine, mtu aliyekaa chini ya 100 kwa miaka miwili akiwa kwenye dawa, akaacha dawa miezi mitano, namba ikafika 640, ungeitupia ibuprofeni lawama yote?

Hapa ndipo ninapokuja kwenye madaktari wako wawili. Umewaona kama watu wanaopingana. Mimi naona walipewa wagonjwa wawili tofauti. Wa kwanza alipewa mwanamke anayemeza azathioprini kila siku na hatumii kitu kingine. Kwa mtu huyo 640 inatisha, kwa sababu ina maana dawa imeshindwa kazi, na ndiyo maana akataka kila kipimo kwa haraka. Wa pili alipewa mwanamke anayemeza azathioprini na ametumia ibuprofeni. Kwa huyo ni busara kungoja kidogo. Mwanamke aliyeacha azathioprini miezi mitano, akatumia ibuprofeni, na anatafuta mimba, huyo hakuna daktari aliyemwona. Huenda hizo sindano unazoziogopa ungeandikiwa kwa sababu tu daktari anaamini vidonge vimeshindwa, wakati vidonge vyenyewe viko juu ya kabati.

Hofu yako kuhusu dawa na mtoto naiheshimu. Mama gani asingeiwaza? Lakini nani alikuambia kwamba azathioprini na mimba havikai pamoja? Hukuandika kwamba uliuliza. Wanawake wengi wenye Crohn wamebeba mimba wakiwa wanaitumia, na miongozo ya madaktari wa tumbo kwa kawaida huruhusu anayeitumia na ametulia aendelee nayo. Dawa ya kukwepwa ni methotreksati, hiyo huachwa miezi kabla ya kushika mimba, na inawezekana habari za dawa moja ndizo zilizokufikia kwa jina la nyingine. Upande wa pili ndio ambao watu hawausemi: mimba inayoingia wakati utumbo unawaka ina hatari kubwa zaidi ya kuharibika, ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na mara nyingi ugonjwa uliowaka mwanzoni huendelea kuwaka katika mimba. Uliacha dawa kwa ajili ya mtoto, na ni kwa ajili ya mtoto huyohuyo ninakuomba ukaulize upya. Ila tafadhali usifungue boksi kesho asubuhi ukaanza kumeza peke yako. Azathioprini huenda na kupimwa damu, chembe nyeupe na ini, na hilo ni la kupangwa na anayekutibu.

Sasa mwili. "Mwili haudanganyi" ni maneno matamu, na mumeo ameyasema kwa mapenzi. Kwenye Crohn, hata hivyo, mwili huwa unachelewesha habari. Kuna watu wanaoumwa tumbo kila siku na utumbo wao ukipigwa picha ni safi kabisa. Na kuna wanaocheka na kula huku kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba kinavimba, kinapona kwa kovu, kinavimba tena, mpaka njia inabana. Kalprotektini mara nyingi hupanda miezi miwili au mitatu kabla dalili hazijarudi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowagawa wagonjwa 244 wa Crohn makundi mawili. Kundi moja dawa ziliongezwa kwa kufuata zaidi dalili, jingine kwa kufuata pia kalprotektini na kipimo cha damu. Baada ya wiki 48, utumbo ulikuwa umepona kwa asilimia 46 ya waliofuatwa kwa vipimo, na asilimia 30 ya wale wengine. Wagonjwa wale walianza wakiwa wanaumwa, hawakuwa katika hali yako, kwa hiyo nisikudanganye kwamba utafiti ule unakuhusu moja kwa moja. Ninautaja kwa sababu mumeo ameuliza karatasi inajua nini. Wakati mwingine inajua mapema.

Kurudia choo kimya kimya, maabara nyingine. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu najua linavyovutia. Tuseme unapata 180. Utafurahi, lakini utakuwa umejifunza nini? Maabara tofauti hutumia vitendanishi tofauti, na namba zao hazilingani vizuri. Hata choo cha mtu mmoja hutofautiana siku na siku. Na ugonjwa wako uko kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo kalprotektini hupanda kidogo kuliko ugonjwa ukiwa kwenye utumbo mpana, hivyo namba ya wastani inaweza kuficha jambo. Kurudia kwenyewe ni wazo zuri, likifanywa wazi: ibuprofeni iwe imeachwa wiki kadhaa, choo kiwe cha asubuhi cha kwanza, maabara iwe ileile, na daktari ajue unarudia kwa nini. Ubaya wake ni wiki hizo kupita huku mkiendelea kutafuta mtoto. Hilo la kuendelea au kusimama kidogo mpaka mjue ni lenu wawili, na huwezi kulizungumza na mume ambaye hajui kwamba ruhusa haikutolewa.

Ultrasaundi ya utumbo ni kipimo ninachokipenda, nakiri upendeleo. Hakuna kusafisha tumbo kwa dawa za kuharisha, hakuna mionzi, hakuna kufunuliwa kupita ile sehemu ya tumbo. Wanapima unene wa ukuta. Ukizidi milimita 3 wanaanza kushuku, na wakiwasha rangi ya kuonyesha mtiririko wa damu, ukuta unaowaka huonekana umejaa damu. Kinaweza kurudiwa mara nyingi, hata ukiwa mjamzito, ingawa mimba ikikua huziba njia ya kuonea. Kasoro yake ni kwamba kinategemea sana mkono na jicho la anayepima, na gesi tumboni humfichia. Usikubali ile ultrasaundi ya tumbo ya kawaida, ya ini na figo, ukadhani umepimwa utumbo. Uliza waziwazi: utanipimia unene wa ukuta wa utumbo?

MRI inaona zaidi: utumbo mwembamba wote kwa mpigo, mahali panapobana, na kama kuna fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka kwenye utumbo. Utanyweshwa maji maalumu, lita moja hadi moja na nusu, ili utumbo ufunguke, kisha utalala ndani ya mashine yenye kelele kama nusu saa au zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulivilinganisha viwili hivi: kwa kugundua kama ugonjwa upo kwenye utumbo mwembamba, MRI ilipata asilimia 97 na ultrasaundi 92, kwa kuonyesha umeenea mpaka wapi, 80 kwa 70. Si pengo la kutisha. Ila kwako kuna jambo la kalenda. Dawa yenye gadoliniamu inayodungwa ili picha ing'ae hukwepwa kwa mjamzito. Picha hii, kama inahitajika, wakati wake mwepesi ni kabla ya mimba. Wakikutajia CT kwa sababu ndiyo iliyo karibu, kumbuka ina mionzi, na uwaambie unatafuta mtoto.

Na kolonoskopi. Mwanangu, uliyoyapata ni kweli yalitokea na hayakustahili kutokea. Nimewahi kusimama upande ule mwingine wa kitanda, watu wakizungumza mambo yao juu ya mgonjwa, nami nikazungumza pia. Nimesoma mistari yako mara mbili, nikanyamaza.

Kipimo hicho bado kina kitu ambacho vingine havina: kinachukua vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa utumbo vya kupimwa maabara. Picha inaweza kuonyesha ukuta umevimba, lakini kinyama ndicho kinachosaidia kutenganisha Crohn na maambukizi, kikiwemo kifua kikuu cha utumbo, ambacho hupenda kukaa palepale mwishoni mwa utumbo mwembamba na huweza kuamshwa na baadhi ya hizo sindano. Kwa hiyo sitakuambia ukikatae. Kina hatari ya kutoboa utumbo. Ni nadra, lakini ipo. Wala sitakuambia kwamba lazima kiwe mwezi huu. Daktari wako alikitaka akiwa na habari nusu, na akipata nzima anaweza kukishikilia, kukisogeza mbele, au kusema tuanze na picha kwanza. Ukifika hapo ukaambiwa kinahitajika, una haki ya kusema kabla hujavua nguo: "Mara ya kwanza nilizinduka katikati. Naomba mnipe usingizi wa kutosha, na naomba mnifunike." Uliza pia kama dawa ya kusafisha tumbo inaweza kugawanywa, nusu jioni na nusu asubuhi. Wengi huivumilia vizuri zaidi hivyo, na tumbo husafika vizuri zaidi pia.

Umesema unaogopa wakiona kitu. Lakini kitu, kama kipo, kipo tayari, na unalala nacho. Nimewaona waliokuja mapema wakarudishiwa dawa yao ileile na baada ya miezi wakaambiwa endeleeni na mipango yenu. Nimewaona pia walioambiwa wasubiri, wakalia, wakasubiri. Wewe utakuwa wapi sijui, na atakayekuhakikishia leo bila picha anakupendeza tu.

Kama neno la kuanzia linakukaba, jaribu hili, kwa mumeo kwanza au kwa daktari kwanza, vyovyote moyo utakavyokubali: "Dawa niliacha mwenyewe, miezi mitano sasa. Niliogopa kwa ajili ya mtoto. Nataka tuanze upya nikiwa nimesema." Daktari anaweza kukunja uso. Wengi wameshasikia hayo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Usingoje miadi ikija homa, damu kwenye choo, kutapika huku tumbo limejaa na hewa haitoki, au maumivu yanayokukunja. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo.

Siku ya kwenda, lishushe lile boksi uende nalo. Watahesabu vidonge pamoja nawe, wajue umekaa siku ngapi bila dawa, nawe hutahitaji kukumbuka tarehe.